Mguu wa Tatu wa Herufi

Mwaka aliotimiza miaka sitini na miwili, mipira ya Hanifan Bibi ilianza kurudi.

Mwanzo ilirudi miwili, kisha mitano. Halafu asubuhi moja ya Januari, ukungu umeukaba mji wa Sialkot hata jirani hamwoni jirani, msimamizi wa ukaguzi, Waqas Cheema, alikuja mezani kwake na gunia, akalimwaga. Mipira kumi na mmoja ikabingirika mbele yake. Kila mmoja ulikuwa na muhuri mdogo wa wino karibu na tundu la kujazia upepo: namba saba. Saba ilikuwa yeye.

"Khala," alisema Waqas kwa adabu zote, maana kiwanda kizima kilimwita Khala, mama mdogo, hata wale waliomzidi umri. "Hebu tazama mshono huu."

Akatazama. Uzi ulikuwa umeruka matundu mawili. Kasoro yenyewe hata kipofu angeipata kwa kidole.

"Huu niliupitisha mimi?"

"Saba ni nani, Khala?"

Miaka thelathini na minne alikuwa akiupokea mpira, anauzungusha mara tatu kwenye viganja kama mtu anayechagua tikiti sokoni, na ukiwa na dosari anautupa kapuni bila kuinua uso. Vijijini, washonaji waliambiana, "Kaza uzi huo, unakwenda kwa Hanifan." Leo mipira mibovu ilikuwa imepita mikononi mwake kama wageni wa harusi, bila kuulizwa wanakotoka.

Alikwenda kwa daktari wa macho. Daktari akamwekea lenzi, akammulika, akamwondolea lenzi. "Bibi," akamwambia, "macho haya yanaona kuliko yangu. Nenda nyumbani." Jambo hilo lilimwudhi kuliko ugonjwa. Ugonjwa angeuweka mezani, Waqas akauona.

Ukweli ni kwamba mipira ilikuwa imebadilika. Zamani ilikuwa myeupe na myeusi, kipande kwa kipande, na mshono ulionekana kama njia katikati ya shamba. Siku hizi wanunuzi walitaka moto, radi, nyota na ndege wenye kucha, vyote juu ya mpira mmoja, kama lori la mizigo lililoangukia kwa fundi rangi asiyejua kukoma. Hanifan alikuwa akianza na mshono vizuri tu, halafu mwali wa moto unamwita. Akienda kuutazama mwali, anakutana na nyota. Akirudi kutoka kwa nyota, mshono umekwisha kupita.

Pembeni yake, kwenye meza hiyohiyo, alikaa Sidra, msichana wa miaka ishirini na miwili, mchumba wa mtu, mwenye kucha za rangi na mdomo usiopumzika. Kwa Sidra mipira ilipita kama maji ya bomba.

"Sidra," Hanifan alimwuliza siku moja, "ule mpira uliopita ulikuwa na ndege gani?"

"Ndege?" Sidra akageuka. "Kulikuwa na ndege?"

Waqas hakuwa mtu mbaya. Kumfukuza Khala asingethubutu. Mama yake mwenyewe angemnyima chakula. Kwa hiyo alipata njia ya kisomi. Alimfahamu daktari mmoja wa kike wa chuo fulani cha Lahore, aliyekuwa akichunguza namna umri unavyobadilisha utazamaji wa mtu. Akamwalika aje awapime wakaguzi wote, vijana kwa wazee, ili kila mmoja akae panapomfaa. Mpango ulikuwa kwamba kipimo kiseme lile ambalo Waqas hakuweza kulisema.

Daktari Nosheen akaja na kompyuta yake na chupa ya chai, akaketi kwenye chumba cha kuhifadhia katoni. Alipoingia Hanifan alipewa kwanza karatasi ya kukubali kupimwa.

"Ah, nimesahau miwani," alisema Hanifan.

Maneno hayo aliyasema tangu ana miaka ishirini na minane, kabla macho yake hayajajua miwani ni nini. Hanifan hakujua kusoma. Siku ya kwanza kiwandani, mwenye kiwanda wa wakati huo, marehemu sasa, alimwuliza, "Unajua kusoma?" Nyumbani alikuwa ameacha mtoto wa miezi minne na mtungi wa unga usio na unga. Akasema, "Ndiyo, sahib." Kazi yenyewe haikuwa na kusoma, ilikuwa na muhuri, stika nyekundu na stika ya kijani. Lakini uongo ule ulizeeka pamoja naye, ukaota mvi, na akawa anaona haya kuuzika.

Daktari Nosheen akavua miwani yake mwenyewe. "Chukua yangu, Khala."

Hanifan akaivaa, akaishika karatasi, akaipa muda ambao karatasi yenye heshima zake hupewa. Akatikisa kichwa mahali alipoona panafaa kutikisa. Kisha akachora jina lake chini, kama alivyolichora miaka yote, mchoro mmoja wenye vitone.

Kipimo cha kwanza kilikuwa cha mishale. Ilitokea mishale mitano kwa mstari, na ilikupasa kubonyeza upande unaoelekea ule wa katikati peke yake. Mingine minne ilikuwa hapo kwa ajili ya fitina tu. Sidra alikuwa amemaliza bila kosa hata moja huku akitafuna ubani. Hanifan alibonyeza, akakosea. Akabonyeza tena, akakosea. Mara alipopata, alichelewa.

"Usiwajali hao wa pembeni, Khala," alisema daktari.

"Nisiwajali vipi, binti yangu? Wananitazama."

Daktari akacheka, akamweleza kwa upole. Kichwani mwa mtu, alisema, kuna kama mlinzi wa lango. Ujanani ni mkali: unatafuta mshono, hapitishi kitu kingine. Umri ukienda, mlinzi haondoki, ila anakuwa mpole. Anafungulia kila anayebisha hodi. Macho ni mazima. Tatizo ni kwamba ndani kumejaa watu.

"Yaani mlinzi wangu anakaribisha hata mbuzi."

"Hata mbuzi, Khala. Na si wako peke yako."

Kisha kikaja kipimo cha pili. Kwenye kioo yalitokea majina ya rangi, lakini kila jina limeandikwa kwa rangi isiyo yake. Neno "nyekundu" kwa wino wa kijani. Neno "manjano" kwa wino wa buluu. Ulitakiwa utaje rangi ya wino, usilisome neno. Hapo ndipo mashujaa walipoangukia. Sidra, bingwa wa mishale, alibabaika mpaka ubani ukamtoka. Mzee Shafqat wa stoo, aliyekuwa akijisifu kwa kumaliza gazeti zima kila asubuhi, alitaja maneno badala ya rangi mara kumi na tatu, akasema kompyuta ina hitilafu.

Hanifan aliketi. "Kijani," akasema. "Buluu. Nyekundu. Kijani. Manjano." Hakusita, hakurudi nyuma. Alikuwa kama mwanamke anayetaja mafungu ya uzi sokoni. Daktari akatazama saa yake, akatazama kioo, akamwomba arudie. Akarudia, akaenda upesi zaidi, maana sasa alikuwa ameshazoea.

"Mashallah," alisema Daktari Nosheen, na kalamu ikambakia mkononi. "Nimepima wazee mia mbili. Sijaona kitu hiki."

Hanifan alijua sababu kabla daktari hajamaliza kushangaa. Yale maneno hayakumwambia kitu. Kwake yalikuwa mikwaruzo tu yenye rangi, na rangi alizijua tangu utotoni. Alifumbua mdomo aseme. Lakini mlangoni alisimama Waqas, na nyuma ya Waqas Sidra, na nyuma ya Sidra nusu ya kiwanda. Akaufumba.

Kabla ya saa sita habari ilikuwa imefika kwa wapakiaji: Khala ana akili ya msichana wa miaka ishirini, amethibitishwa na Lahore. Waqas, ambaye kipimo alikileta kimwondoe Khala, alishikwa na kipimo chake mwenyewe. Ile mishale hakuna aliyeitaja tena. Bwana mkubwa wa kiwanda akateremka toka ofisini, akapiga picha naye, na akaamuru awe mkuu wa meza ya ukaguzi kwa oda kubwa iliyokuwa inakuja, mipira elfu kumi na mbili ya kampuni moja ya Ulaya iitwayo Voltrem.

Nyumbani, mumewe Allah Ditta alikuwa ameketi juani kwenye kitanda cha kamba, anamenya machenza. Alikuwa mlinzi wa kivuko cha reli mpaka alipostaafu, na mtu pekee aliyejua siri ya mkewe. Alipomaliza kusikiliza, alicheka mpaka mbegu ikamkwama kooni.

"Mama Kausar! Yaani wasomi wote wameanguka, umeshinda wewe usiyejua alifu!"

"Cheka. Kesho nitawekwa mkuu wa meza, na mishono inanipita."

"Waambie ukweli basi."

"Niwaambie kwamba miaka thelathini na minne nimesahau miwani?"

Allah Ditta akampa kipande cha chenza. "Mimi kwenye kivuko changu mbuzi walikuwa wanapita lango likiwa limefungwa. Sikumwambia mtu. Treni zilifika."

"Baba Kausar, huo ndio ushauri?"

"Ndio nilio nao."

Oda ya Voltrem ilianza wiki iliyofuata. Mpira wake ulikuwa na kila balaa: miali ya rangi ya machungwa, mistari ya fedha, na jina la kampuni kwa herufi ndogo nyeusi limezungushwa mara nne. Hanifan aliketi mwanzo wa meza, wakaguzi sita chini yake, na picha yake imebandikwa ukutani. Akaukaza uso. Akajiambia: mshono, mshono, mshono. Akauanza mshono, na mwali ukamwita, na toka kwenye mwali akateleza hadi kwenye jina.

Siku mbili aliupitisha mpira baada ya mpira hivyo. Siku ya tatu aliusimamisha mmoja mkononi. Jina lile alikuwa akiliona kwa miaka mingi, kwenye oda ndogondogo za nyuma. Hakujua linasemaje, lakini alilijua kama mtu anavyojua uzio wa jirani. Herufi yake ya mwisho ilikuwa na miguu mitatu. Hii ilikuwa na miwili.

"Sidra," akasema. "Hapa pameandikwaje?"

Sidra akatupa jicho. "Voltrem."

"Tazama vizuri."

"Voltrem, Khala. Si unaona mwenyewe?"

"Siulizi inasemaje. Nauliza hii ya mwisho ina miguu mingapi."

"Khala, herufi zina miguu?" Sidra akacheka, wenzake wakacheka. Hanifan akasimama, akauchukua mpira mpaka kwa Waqas. Waqas akausoma. Akausoma tena kwa sauti, taratibu, kama mtu anayemsomea bibi yake barua ya mjini. "Vol-trem. Hakuna kosa, Khala. Ila mshono huu hapa umeruka, hukuuona?"

Hanifan akautazama mshono. Kweli, umeruka. Uso ukamwaka moto. Hapo angeweza kurudi kukaa, na picha yake ingebaki ukutani.

"Mwanangu," akasema, na sauti yake ikasikika hadi mwisho wa meza, "wewe unasoma unachokijua. Mimi sijui kusoma. Sijawahi kujua. Mwenye kiwanda aliniuliza nikamdanganya, Mungu amrehemu na anisamehe. Kwa hiyo neno hili haliwezi kunidanganya mimi. Leta mpira wa mwaka jana, uhesabu miguu."

Waqas akatuma mtu stoo. Mpira wa mwaka jana ukaletwa, ukawekwa pembeni ya huu. Waqas akaweka kidole kwenye herufi ya mwisho, akahesabu kama mtoto wa darasa la kwanza. Moja, mbili, tatu. Huku: moja, mbili. Ule wa zamani ulisema voltrem. Huu ulisema voltren.

"Ya Allah," alisema Waqas, na akaketi juu ya katoni.

Mipira elfu nne ilikuwa imekwisha kupigwa chapa. Watu kumi na tisa waliojua kusoma walikuwa wameipitisha mikononi mwao, kuanzia mchoraji wa chumba cha chapa hadi Waqas mwenyewe, na kila mmoja alisoma jina ambalo halikuwapo. Sidra alilia kidogo, kisha akasema hakulia, ni vumbi.

Bwana mkubwa aliteremka tena. Akamshukuru Khala mbele ya watu, na baada ya hapo akaamuru mipira yote aliyoipitisha wiki hiyo ikaguliwe upya. Katika mia mbili, kumi na tisa ilikuwa na uzi ulioruka. Kwa hiyo siku ileile moja Hanifan aliokoa oda na akaondolewa kwenye meza ya mishono, na mambo yote mawili yalikuwa haki. Wala hakubisha. Alikuwa amechoka kupambana na miali ya moto.

Alipewa kiti mlangoni mwa chumba cha chapa. Kazi yake ikawa kutazama maandishi ya kila oda kabla hayajapigwa: Kijerumani, Kireno, Kijapani, yote kwake sawa. Ikawa ndani ya kiwanda kile hakuna neno lililopita bila kibali cha mwanamke asiyejua kusoma. Mshahara ukapanda. Allah Ditta akasema amefanya kosa kubwa kwenda shule miaka mitano.

Daktari Nosheen alipopata habari alirudi Sialkot. Alikaa naye mlangoni, akanywa chai yake, akawa kama mtu aliyeleta habari ya msiba.

"Khala, itabidi nikuondoe kwenye matokeo ya rangi. Kile hakikuwa kipimo, kama hukusoma."

"Niondoe, binti yangu. Nisamehe nilinyamaza."

"Mimi ndiye niliyekupa miwani yangu, nisiulize."

"Na ile mishale?"

Daktari akatazama chini. "Ile ya mishale inabaki."

"Basi," alisema Hanifan. "Kizuri kimefutwa, kibaya kimeandikwa. Kunywa chai, inapoa."

Sasa siri ikiwa imekufa, haya nayo ikafa, na Hanifan akagundua kwamba chini ya haya ile kulikuwa na hamu. Alitaka kusoma. Alimwomba Sidra amfundishe wakati wa chakula cha mchana, na Sidra, ambaye tangu siku ya herufi alikuwa akimletea mboga ya haradali iliyopikwa na mama yake, akakubali kabla ombi halijaisha. Walianza na mkaa juu ya kipande cha katoni. Siku ya nne Waqas akawakuta.

"Khala, hapana!" Alisema kwa sauti ya mtu aliyeona moto ghalani. "Tafadhali. Usijifunze kusoma."

"Kwa nini?"

"Ukijua kusoma utakuwa kama sisi. Nitampata wapi mwingine? Vijana wote siku hizi wamesoma!"

"Bhai Waqas," alisema Sidra, "kila mkutano unatuhutubia habari ya elimu."

"Elimu kwa wengine!"

Hanifan akacheka mpaka akafuta machozi kwa pembe ya dupata, mtandio wake. Wakajadiliana, kwa shida, mpaka wakafika mahali. Atajifunza Kiurdu peke yake. Zile herufi za Kizungu zinazokwenda mbele kutoka kushoto ataziachia kiwanda, asiziguse mpaka astaafu. Waqas alitaka ahadi hiyo iandikwe na itiwe sahihi. Hanifan akasema sawa, atatia sahihi akishaisoma.

Ilichukua mpaka mwisho wa majira ya joto. Alifu, be, pe. Kisha vitone, ambavyo vilimtesa kuliko vyote, maana kila kitone nacho kilibisha hodi. Halafu jioni moja ya Septemba, anatoka kazini kwa miguu njia ileile ya miaka thelathini na minne, ukuta wa shule ulimsemesha. Alikuwa anapita tu. Neno likajisoma lenyewe. Akasimama. Likajisoma linalofuata. *Usikojoe hapa, ewe mtoto wa punda.*

Alitazama kushoto na kulia, kama kwamba yeye ndiye aliyetukanwa. Kisha akasonga mbele, na mji mzima ukamwangukia. Hakim fulani, tabibu wa dawa za asili, anaponya mvi, upara na wivu wa mke. Masomo ya hesabu, matokeo baada ya wiki mbili. Nyumba hii haiuzwi, msidanganyike. Saruji, saruji, saruji. Hakuweza kulipita hata moja bila kulisikia. Hata alipoinamisha uso, mfuko wa unga uliotupwa mtaroni ulimwambia uzito wake. Muuza karanga alimwita kwa jina mara mbili, hakumsikia.

Allah Ditta alikuwa amesimama mlangoni, kijoto cha chapati kinamfuata kutoka ndani, na wasiwasi usoni.

"Mama Kausar, saa nzima! Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nasoma."

"Unasoma nini?"

"Kuta." Akavua viatu, akaketi kwenye kitanda cha kamba, akashusha pumzi ndefu. "Baba Kausar, watu wa mji huu wanagombana kwenye kuta miaka yote hii, na hukuniambia?"

"Nilidhani unajua."

"Yule hakim wa darajani anasema anaponya wivu."

"Mwongo yule. Jirani alikunywa dawa yake chupa tatu."

"Ikawaje?"

Allah Ditta akasogea, akakaa kando yake, akaanza kumsimulia.